Losheni inauzika Bujumbura, hela haionekani
Dada wa Kigoma, umeuliza kwa nini losheni unayouza Bujumbura haikuachii faida, na kwa nini pampu ulizonunua Kariakoo haziingii kwenye chupa zako. Losheni yako haina shida, shida ni kutaja bei kwa faranga. Faranga ya Burundi ina bei mbili za kubadilishia: mteja anapiga hesabu kwa ya benki, wewe unabadilisha kwa ya mtaani, faida inaishia hapo. Andika bei kwa shilingi, na idumu siku saba tu. Mpakani, cheti rahisi cha uasili (karatasi ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki), kwa mzigo usiozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha, VAT inabaki.

Pampu za Kariakoo kutoingia? Ni shingo ya chupa. Shingo ya milimita 24 haishiki pampu ya 28, hata ukaze vipi. Ukimwambia muuzaji “chupa ya robo lita” hujasema kitu. Taja shingo, na udai picha pampu ikiwa imefungwa kabla ya kutuma advansi.