Fundi, stovu ya peleti imejaza moshi ndani

Swali: Shikamoo fundi. Tumepanga nyumba hapa Lewiston, Maine, Marekani, ina stovu ya peleti, zile punje za unga wa mbao zilizoshindiliwa. Mwenye nyumba alituonyesha swichi tu basi akaondoka zake. Juzi umeme ukakatika, moshi ukajaa sebuleni, watoto wakakohoa mpaka nikawatoa nje kwenye theluji. Sasa naogopa kuiwasha na baridi ndo hii. Niwe nafungua madirisha? Na peleti zikiisha naweza kutia makaa?
Mama wa watatu

Jibu: Marahaba mama, poleni sana na watoto. Kwanza hiyo ni mashine ya umeme, usiihesabu kama jiko la nyumbani. Kuna skrubu ndefu inasukuma peleti kidogo kidogo kutoka juu kwenye hopa, lile sanduku la kutilia peleti, mpaka kwenye kikombe cha chuma zinapowakia, halafu feni inautoa moshi nje kwa bomba. Sasa umeme ukikatika feni inasimama lakini peleti zilizoshaangukia kikombeni bado zinawaka, na hilo bomba ni jembamba, mara nyingi inchi 3 au 4 tu, moshi unakosa nguvu ya kutoka unarudi kwenu. Ikitokea tena usifungue mlango wa stovu hata kama unatamani kuchungulia, fungua dirisha, toa watoto, na moshi ukizidi au mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, wote nje hapo hapo mpige 911, namba ya dharura ya huko. Zipo betri za akiba zinazoifanya feni izunguke umeme ukikatika, mwambie mwenye nyumba aulize fundi ipi inaifaa hiyo yenu, maana huko dhoruba za theluji hazikosi.

Madirisha hayatakiwi kufunguliwa kila siku kama bomba liko sawa, mtapasha moto mtaa mzima bure. Kinachotakiwa ni alamu ya karboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, na alamu hii si ile ya moshi, ni vitu viwili, watu wengi wanachanganya hapo. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, unaweza kulala nayo usiamke. Weka alamu karibu na vyumba vya kulala uibonyeze uone kama inalia. Halafu theluji ikianguka nyingi toka nje ukaangalie mdomo wa bomba, ukikuta umefunikwa, zima stovu kwanza, ikipoa ndo uichimbue theluji.

Makaa hapana. Kuni hapana, mafuta ya taa ndo usiguse kabisa. Na ukiongeza peleti angalia mfuko wa plastiki usiegemee bati la juu, unayeyuka na kunata pale pale.

Swali: Mambo fundi, niko Bergamo, Italia. Kioo cha stovu yangu kinakuwa cheusi kila siku hata nikisugua. Mi huwa naizima kwa kuchomoa waya, ni sawa? Na majivu naweka kwenye boksi balkoni.
Kijana wa Mombasa

Jibu: Poa, ila huo waya uache bwana! Zima kwa kitufe uiache feni iendelee mpaka moto uishe na ipoe yenyewe, ukichomoa unajitengenezea ule moshi wa mama wa hapo juu.

Kioo cheusi mara nyingi maana yake hewa haitoshi. Stovu ikiwa baridi toa kile kikombe uangalie matundu ya chini, utakuta majivu yameganda kama jiwe yameyaziba, kwangua. Peleti nazo, zikivuta unyevu zinavimba na kumumunyuka, huo unga unaziba skrubu, kwa hiyo usiziweke sakafuni kwenye ukuta unaotoa maji. Kisha bana kipande cha karatasi kwenye mlango ukivute, kikitoka kirahisi ile kamba ya kuzuia hewa pembeni imechoka, badilisha. Ukifanya yote na bado ni cheusi, huenda bomba limejaa masizi, ita fundi, na hata kisipokuwa cheusi aje mara moja kwa mwaka kabla ya baridi.

Hilo boksi litoe leo. Kaa dogo linaweza kukaa hai ndani ya majivu siku kadhaa wewe unaona kijivu tu. Tumia ndoo ya bati yenye mfuniko, iweke nje juu ya zege mbali na ukuta, na vakyumu ya nyumbani, ile mashine ya kufyonza vumbi, usiitumie, inavuta cheche inawaka ndani kwa ndani.