Diski ya Kompyuta Inagonga: Niokoe Kwanza Kompyuta au Kazi Zangu?

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Pasua, Moshi. Kompyuta yangu mpakato, ambayo ninaitumia tangu 2017, imeanza kutoa mlio wa ka, ka, ka ndani yake, na kufungua faili moja la hesabu kunachukua zaidi ya dakika nzima. Fundi mmoja amenishauri aiformati na kupiga Windows upya, akisema itapona. Humo nina hesabu za wanachama za miaka sita, pamoja na picha za marehemu baba ambazo hazipo mahali pengine popote. Je, nimpe? Na nikinunua diski mpya, vitu vyangu vitahamaje?
Katibu, Pasua

JIBU: Salama, dada yangu, na pole sana kwa hofu uliyonayo. Usimruhusu aiformati. Kama kompyuta imewashwa hivi sasa, izime kabla hujamaliza kusoma jibu hili, na usiiwashe tena mpaka uwe umepata mahali pa kuhamishia kazi zako, kwa sababu diski ngumu (hard disk), yaani kifaa kinachohifadhi faili zako, ikianza kugonga haiponi kwa kupigwa Windows, na kila saa ambayo diski hiyo inazunguka inaweza kupunguza yale ambayo bado yanasomeka.

Ndani ya diski hiyo kuna sahani nyembamba ambazo, katika kompyuta mpakato nyingi, huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa kinachosoma huku kikielea juu ya hewa, umbali wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mlio unaousikia mara nyingi ni wa mkono unaobeba kichwa hicho, ambao umeshindwa kupata mahali pake na unarudi mwanzo kujaribu tena. Kuformati hakugusi ubovu huo hata kidogo. Kunachofanya ni kufuta orodha ya faili zako, kisha Windows mpya inaandikwa juu ya nafasi zilezile zilizobeba hesabu za kikundi. Kwa sababu hiyohiyo, kataa pia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ambayo mafundi wengi hukimbilia, kwa kuwa inaweza kuilazimisha diski dhaifu kusoma kila sehemu yake na kubadilisha mpangilio wa faili kabla hujapata nakala.

Fundi wako pengine hana nia mbaya. Yeye anatazama kompyuta isiyofanya kazi na anataka kuirudisha ikifanya kazi, lakini wewe unachohitaji ni kilichomo ndani yake, na mambo hayo mawili hayatengenezwi kwa njia moja. Mwambie waziwazi kwamba kazi ya kwanza ni kunakili, na kwamba malipo ya kubadilisha diski yatafuata baadaye.

Tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, na uijaribu kabla ya kuiamini. Mitaani zinauzwa flashi zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 ilhali zina nafasi ndogo sana, nazo hupokea faili bila kulalamika kisha zikashindwa kuzifungua. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, hivyo udanganyifu hujulikana kabla ya kukuumiza. Ijaribu katika kompyuta nyingine, si katika hiyo yako.

Vifaa vikiwa tayari, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kunakili unaweza kuimaliza diski iliyokuwa imebakiza pumzi chache. Iweke mezani, usiipakate, wala usiisogeze. Anza na kisichoweza kupatikana tena: picha za baba, kisha hesabu za kikundi, folda moja baada ya nyingine, bila kufungua picha hata moja kuitazama. Faili ikikwama, iruke, uendelee na nyingine, kisha uirudie mwishoni. Gigabaiti 60 kutoka kwenye diski isiyo na ubovu, kupitia tundu la USB la zamani, huchukua muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Kwa diski yako inaweza kuwa kutwa nzima. Ukiona Windows yenyewe haiwaki, au inakwama kila mara, mwombe fundi aichomoe diski na kuisoma kwa GNU ddrescue, programu ya Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tofauti na Windows) ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudia zile ngumu, huku ikiweka kumbukumbu ya mahali ilipofikia.

Kuna swali moja ambalo mafundi husahau kuuliza: je, diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows? Ikiwa ndivyo, ukiichomoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine utatakiwa kuingiza ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa.

Ikiwa diski inagonga tu na haionekani kabisa kwenye kompyuta yoyote, simama hapo. Usiiweke kwenye friza kama wengine wanavyoshauri, kwa sababu unyevu utaganda juu ya sahani, na usikubali mtu aifungue mezani, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa kile na sahani. Kazi hiyo hufanywa katika chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa.

Sasa diski mpya. Nunua SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Kwa kompyuta ya umri huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba inatumia diski ya inchi 2.5 yenye soketi ya aina iitwayo SATA, lakini fungua kwanza uione, kwani baadhi huchukua kipande chembamba cha M.2. Diski ya zamani mara nyingi hukaa ndani ya fremu ndogo ya bati iliyoshikwa kwa skrubu. Fremu hiyo ihamishiwe kwenye diski mpya, isibaki kwenye kopo la fundi, la sivyo SSD itachezacheza na kuachia soketi. Kabla ya yote, waya wa betri uchomolewe.

Wapo watakaokushauri kuhamisha diski yote kama ilivyo. Kwa diski isiyo na ubovu ningekubali bila kusita, lakini yako inaweza kukwama njiani au kuhamisha faili za Windows zilizoharibika, kwa hiyo ni afadhali kupiga Windows kwenye SSD tupu, kisha kurudisha kazi zako. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni huwa imefungamana na bodi kuu ya kompyuta, si diski, hivyo usitozwe nyingine. Diski ya zamani ichukue uende nayo nyumbani, usiiache dukani, maana ina majina na michango ya watu. Nakala ya pili ya hesabu ikae kwa mweka hazina, kwa sababu SSD nayo hufa, na mara nyingi hufa bila kugonga.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, Arusha. Hubeba kompyuta mpakato yenye diski ya kuzunguka mpaka kambi ya Horombo, Mlima Kilimanjaro, ili kuhamishia picha za wageni. Je, ni kweli mlima huharibu diski?

JIBU: Ndiyo, ikiwa imewashwa. Kichwa huelea juu ya hewa, na hewa ikipungua kichwa hushuka karibu zaidi na sahani. Watengenezaji wengi huruhusu diski za aina hiyo kufanya kazi mpaka kama mita 3,000 hivi. Kambi ya Mandara ipo chini ya hapo, lakini Horombo ipo mita 3,720. Ikiwa imezimwa haina tatizo. Weka SSD, na ukitoka kwenye baridi kuingia ndani, iache kwenye mfuko wake kama saa moja kabla ya kuiwasha, ili unyevu usitue kwenye bodi.