Picha haifunguliwi mdomo

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza hivi: wawindaji wa Marekani wakinasa picha ya kulungu dume huwatumia wenzao na kuwauliza, "Huyu ana umri gani? Nimpige au nimwache akue?" Mkataka wasomaji tuseme kama mwindaji anayeijua kazi yake ana haja ya kuuliza. Swali limenichoma, maana limekaa kama vile jibu mmeshalipata: anayeuliza hajui. Mimi nimelelewa na mtu aliyefuata nyayo za wanyama miaka mingi, na sijapata kuona mtu wa kuuliza kama yeye. Kuuliza si ujinga. Hilo tumefundishwa tangu chuoni.

Tuwatendee haki kwanza hao wa Marekani. Kulungu wao, yule wa mkia mweupe, hana pembe za kudumu kama pongo au tandala wetu. Huziangusha kila mwaka msimu wa kupandana ukishapita, kisha huota nyingine upya. Kwa hiyo pembe kubwa si ushahidi wa uzee. Dume wa miaka mitatu aliyepata malisho mazuri anaweza kubeba pembe nzito kuliko mzee ambaye mwili wake umeanza kurudi nyuma. Ndiyo maana wajuzi huziacha pembe wakatazama mwili. Dume kijana huonekana ana miguu mirefu na kiuno chembamba. Akikomaa, kifua kinashuka, shingo inavimba msimu wa kupandana mpaka hujui inaishia wapi na kifua kinaanzia wapi, tumbo linalegea, mgongo unabonyea katikati. Upana wa pembe huukadiria kwa masikio: akiwa ameyatega, kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 40, basi wanatazama pembe zimeyapita masikio kwa kiasi gani.

Na mwindaji wao ana sababu ya kuhangaika. Jimbo la Pennsylvania, kwa mfano, linamruhusu mwindaji dume mmoja tu mwenye pembe kwa msimu, na tangu 2002 sehemu kubwa ya jimbo hilo inataka upande mmoja wa pembe uwe na ncha zisizopungua tatu. Ukimpiga kijana ukidhani umempiga mkubwa, msimu wako ndio huo umekwisha, na yule aliyekuwa awe mnyama wa kutajwa baada ya miaka mitatu hayupo tena. Wapo pia wanaowaza daftari la rekodi za pembe la Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji alichokiasisi Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887. Humo kulungu wa mkia mweupe mwenye pembe zilizolingana haingii katika orodha ya kudumu mpaka afikishe alama 170, zinazohesabiwa kwa inchi, tena baada ya pembe kukauka siku 60. Sasa mwambie mtu ayaamue hayo kwa picha ya kamera iliyotegwa kwenye mti, usiku, dume amegeuza kichwa. Kwa nini asimuulize mwenzake?

Hata huku kwetu wakubwa wa kazi hiyo huulizana. Ami yangu alikuwa mfuata nyayo katika vitalu vya uwindaji vya Selous, zamani, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alikuwa akitusimulia wanavyomkaribia nyati. Mgeni ameshika bunduki, mwindaji bingwa anatazama kwa darubini, na kinachotazamwa si upana wa pembe bali pale juu ya paji la uso zinapokutana. Kama pale bado ni laini na kuna manyoya katikati, huyo ni kijana, aachwe. Bingwa mwenyewe, na darubini yake, humgeukia mfuata nyayo akamnong'oneza: "Unasemaje?" Huyo naye humuuliza mwenzake aliyelala kwenye nyasi upande wa pili. Simba ndiye mgumu zaidi, kwani kanuni zetu zinataka dume awe ametimiza miaka 6, na moja ya alama ni pua: ya kijana ina rangi ya waridi, kisha madoa meusi huongezeka kadiri anavyokula miaka. Ami alisema hakuna aliyeona haya kuuliza, na aliyejifanya anajua ndiye waliyemwogopa.

Basi nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, niseme waulize. Lakini kuna kisa cha nyumbani kinanirudia kila ninaposoma swali lenu, ingawa hakina kulungu ndani yake.

Shangazi yetu aliyeko Muscat hutuma pesa ya udhiya kila Idd Kubwa ikikaribia, na sisi wa Tanga tunatafuta mbuzi wa kuchinja. Mwaka ule binamu yangu alijuana na mfugaji wa upande wa Mkata, akatumiwa picha. Beberu mweusi tii, ndevu zimemshuka, pembe zimelala nyuma, amesimama juu ya kichuguu na mpiga picha amechuchumaa chini yake. Laki mbili na themanini. Picha ikaingia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, na chini yake binamu akaandika: "Huyu naona ana miaka mitatu. Mnasemaje?"

Kwa wasiofuatilia, sisi wa madhehebu ya Shafii mbuzi wa udhiya awe ametimiza miaka miwili. Tena asiwe chongo, wala kiwete, wala mgonjwa, wala aliyekonda. Uchongo unaweza kuuona pichani. Mnyama aliyekonda utamtambua ukijaaliwa. Miaka miwili utaiona wapi?

Majibu yakamiminika. Shemeji wa Dar akasema mitatu kamili, tazameni ndevu. Baada yake hakuna aliyeshuka chini ya miwili na nusu. Dada wa Chumbageni akaweka dole gumba. Wengine wakaanza kuzungumzia unene wa pembe kwa uhakika kabisa, watu ambao kamba ya mbuzi hawajaishika tangu wazaliwe. Ikafika Alasiri watu wanasema minne.

Ami hakuwa na simu ya picha, kwa hiyo nilimpelekea yangu barazani kwake Makorora. Alivaa miwani, akaitazama, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Mwambie amshushe hapo juu," akasema. "Amsimamishe mahali tambarare, ubavu, na mtu kando yake." Nikaandika. Ikaja picha ya pili: beberu ubavu, na mtoto wa kiume amemshika pembe, mgongo wa mbuzi ukimfika mtoto kifuani. Ami akauliza, "Na huyu mtoto ana miaka mingapi?"

Swali hilo liliwakera watu. Wakasema ami anatuchelewesha, Idd ipo mlangoni, bei itapanda, mtoto anahusu nini. Binamu akatuma sauti, kwa adabu zote: "Ami, shikamoo. Usitukasirikie wanao, lakini ukoo mzima umeshamwona na wote tumekubaliana." Ami akaisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nibonyeze, ajibu. "Marahaba, mwanangu. Mmekubaliana, lakini wote mmeona picha moja."

Kesho yake tukapanda basi Kange, tukashuka Mkata. Beberu alikuwa mzuri kweli, hilo lazima niliseme, manyoya yanang'aa. Ami hakumzunguka wala hakumpapasa mgongo kama wanunuzi wengine waliokuwapo. Alimshika taya kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia akakiingiza pembeni mwa mdomo, pale pasipo na jino, akauvuta mdomo wa chini. Mbuzi juu kwa mbele hana meno, ni ufizi mgumu tu. Chini yapo manane. Mawili ya katikati yalikuwa mapana, meupe, yamewapita wenzao kimo. Yaliyobaki, matatu huku na matatu huku, yalikuwa membamba na madogo: meno ya maziwa. "Njoo uone," ami akaniita, akaniwekea kidole changu juu yake. Lile jino pana lilikuwa na ukingo mkali, halijasagika hata kidogo. "Mwaka na miezi. Jozi ya kwanza hubadilika akishavuka mwaka, ya pili miaka miwili ikimkaribia. Mimi nataka manne mapana."

Mfugaji hakubisha, wala hakuwa ametuhadaa. "Mzee, huyu mama yake alimzaa mwaka juzi vuli imekwisha," akasema. "Hamkuniuliza umri, mliniuliza bei." Na kweli, katika maneno yote yale ya grupu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amempigia simu mwenye mbuzi kumuuliza mbuzi wake kazaliwa lini.

Katika zizi lile lile ami akamtoa mwingine, wa rangi ya majivu, mfupi, mtulivu, hana ndevu za kutisha. Meno manne mapana, mawili ya katikati yameanza kulika ukingoni. Nikampiga picha nikaituma. Hamtaamini maneno yaliyokuja. "Huyo mdogo." "Huyo hafai." "Mwambieni ami amrudishe, tumchukue yule mweusi." Nikatuma na picha ya meno, mdomo umefunuliwa, na bado shemeji akasema picha haieleweki vizuri. Yule mweusi waliyemjadili tangu jana walikuwa wameshamzoea, na umri waliompa wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa mali yao. Mvutano ulikoma pale shangazi aliposikika kutoka Muscat: "Mbuzi ni wangu, na aliyemfungua mdomo ni kaka yangu. Mlipeni huyo mtu."

Sasa nirudi kwenye swali lenu, na nikiri kwamba nilipo sasa si pale nilipoanzia. Bado nasema kuuliza ni adabu ya kazi. Ila wale wafuata nyayo wa Selous walioulizana kwenye nyasi, kila mmoja alikuwa na macho yake. Huyu amemwona nyati ubavu, yule amemwona kwa mbele, mwingine ameuona mguu wake matopeni tangu alfajiri. Maoni matatu, mashahidi watatu. Picha ikitumwa kwa watu mia, shahidi anabaki mmoja, ile kamera, na kama kamera imekaa chini ya kichuguu, basi wote mia wamechuchumaa chini ya kichuguu. Wakikubaliana ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwa sababu muulizaji anaondoka na uhakika ambao haukutoka popote. Huko huko Marekani wajuzi wamewahi kupewa picha za madume ambao umri wao unajulikana, wakaambiwa wautaje, na mara walizokosa zilizidi walizopatia. Na hao ni watu wa kazi.

Halafu tazameni namna wanavyouliza. Wengi hawasemi "ana umri gani?" wakanyamaza. Husema "naona ana minne, mnasemaje?" kama binamu yangu. Huyo umri anao tayari. Anachotafuta ni watu wa kusimama naye, kwa sababu risasi ikitoka hairudi, na kulungu, tofauti na mbuzi wa Mkata, hakubali kufunguliwa mdomo kabla. Meno yake husomwa akiwa ameshalala chini. Hilo ndilo linalonifanya nisiwalaumu kwa ukali niliokuwa nao nilipokuwa naandika aya iliyopita. Kutaka kuwa na wenzako katika jambo lisilorudi ni ubinadamu. Ila hao wenzako hawatakuwa pale mtini unapovizia asubuhi hiyo, wala si wao watakaoulizwa na mwenye shamba.

Kwa hiyo jibu langu, ingawa nilianza nikiwatetea, ni kwamba mwindaji asiulize umri kwa picha moja, na sisi tunaoulizwa tusijibu. Nasema hivyo nikijua kuna asiyeingia humo. Yupo mwenye kamera yake mahali pamoja miaka kadhaa, ana dume yule yule wa mwaka juzi, wa mwaka jana na wa mwaka huu, anamjua kwa kovu au kwa sikio, na jirani yake wa shamba la pili naye anazo zake. Huyo aulize, tena amuulize huyo jirani kabla ya mtu mwingine yeyote, bila kumtajia mwaka anaoudhani. Huyo mwenye picha moja ya usiku, dume ametazama mbele, masikio hayaonekani sawasawa, na kibali chake ni cha mnyama mmoja, mimi ningemwambia amwache apite, aisogeze kamera mahali tambarare pa kumpata ubavu, na amtafute mwakani.

Msomaji wenu,
Tanga