Wagiriki walijuaje India kabla ya Alexander? Anza na Waajemi

Mdogo wangu nimekuelewa, insha inauliza Wagiriki walijuaje habari za India wakati Alexander kafika huko 327 KK, na wewe umekwama kwa sababu unatafuta Mgiriki aliyejiendea mwenyewe. Achana na njia hiyo, anza na Waajemi. Dola yao ilishika miji ya Wagiriki wa Ionia (pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo) huku na bonde la mto Indus (Pakistan ya leo) kule, kwa hiyo habari zilikuwa zinatembea ndani ya serikali moja.

Jina lenyewe ni ushahidi, na hapa ndo mada iliponikamata mimi: wenyeji waliuita mto Sindhu, Waajemi wakatamka Hindu, Waionia ambao h iliwatoka mdomoni wakabaki na Indos. Hata Mhindi yetu sisi ina asili ya matamshi hayo ya Waajemi.

Halafu mchukue baharia Scylax wa Karyanda, mfalme Dario I wa Uajemi alimtuma ashuke Indus mpaka baharini, Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anasema alitokea Misri mwezi wa 30 wa safari. Herodotus huyohuyo anataja kodi ya Wahindi, talanta 360 (talanta ni kipimo cha kale cha uzito) za vumbi la dhahabu.

Ila kuwa makini sana na Ctesias, Mgiriki aliyekuwa daktari wa Artaxerxes II, mfalme wa Uajemi. India hakufika, na anasimulia watu wenye vichwa vya mbwa. Mtumie kuonyesha nini kilisimuliwa ikulu ya Waajemi, sio India ilikuwaje. Ukitaka kubishana juu ya maneno ya Kigiriki chenyewe, muone kwanza mhadhiri wa historia ya kale kabla hujakusanya.