Kabla ya kuuliza bei ya bando la ofisi, uliza mtandao unakamata wapi

Kama umepewa jukumu la kununua huduma za simu na intaneti za taasisi yako, naomba nikusimulie kosa nililolifanya mimi ili wewe usilirudie.

Nimekaa miaka mingi kwenye kitengo cha ununuzi cha taasisi moja ya umma hapa mkoani Dodoma. Mwaka ule tulikuwa tumechoshwa na vocha. Kila wiki dokezo, kila wiki masurufu, na kila mwezi mhasibu anadai vielelezo vya vocha ambazo watu walishazikwangua na kuzitupa. Nikashauri tuingie mkataba na mtoa huduma mmoja, laini zote ziwe kwake, ankara iwe moja mwisho wa mwezi. Tukaitisha bei, wa bei ya chini akapata kazi, nami nikalala usingizi mzuri nikijua tumeokoa fedha.

Miezi miwili baadaye nikaenda kutembelea kituo chetu kimoja upande wa milima ya Mpwapwa. Simu ya ofisi niliikuta imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha la nyuma, ndani ya kikopo cha plastiki kilichokatwa nusu. Nikanyoosha mkono niichukue.

"Usiiguse, mama," dada aliyekuwa zamu akaniwahi. "Ukiisogeza kidogo tu, mtandao unakata."

Ripoti za kila siku alikuwa anazituma kwa simu yake mwenyewe, kwa mtandao mwingine, kwa bando alilonunua kutoka kwenye mshahara wake. Bando tulilomlipia sisi lilikuwa halijaguswa. Niliumia sana. Taasisi ilikuwa inalipia huduma isiyofika, na mtumishi wa ngazi ya chini analipia ile inayofika. Kwenye ankara yangu hilo halikuonekana popote.

Tangu siku hiyo siamini ramani ya minara peke yake. Kila mtoa huduma anayo, na inasaidia, lakini haikuonyeshi kilima kilicho nyuma ya zahanati wala ukuta mnene wa ofisi ya kata. Tunachofanya sasa ni rahisi. Gari la ofisi linapokwenda kituoni kwa shughuli nyingine yoyote, linabeba simu mbili tatu zenye laini za mitandao tofauti. Anayekwenda hasimami nje chini ya mbuyu. Anaingia kwenye chumba ambamo mtu anafanyia kazi, anapiga simu, kisha anatuma faili la ripoti halisi, lenye ukubwa ule ule wanaotuma kila siku. Anaandika kwenye daftari: saa, mtandao, limekwenda au limegoma. Kama anaweza, arudie jioni, maana jioni kila mtu kijijini amefungua simu na kasi inashuka. Daftari letu lilionyesha kwamba mjini, kuanzia Makole hadi Mtumba, mitandao haikuachana sana. Tofauti ilikuwa vijijini, Bahi, Chamwino na huko Mpwapwa, ambako mtandao unaokamata vizuri kituo hiki unapotea kabisa kituo kinachofuata.

Daftari hilo ndilo liandike mahitaji yako. Sisi tuliacha kutafuta mtoa huduma mmoja wa vituo vyote. Tuliigawa zabuni kwa mafungu kulingana na maeneo, kila fungu likashindaniwa peke yake. Usichanganye jambo hili na kukatakata ununuzi vipande vidogo ili kukwepa ushindani. Hilo sheria inalikataza. Mafungu yote yamo ndani ya zabuni moja, yanaonekana na kila mzabuni ndani ya NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, na thamani ya jumla haijafichwa. Vocha za kila wiki, kwa kweli, ndizo zinazofanana zaidi na ununuzi uliokatwakatwa. Kabla hujaitisha zabuni, angalia kama GPSA, wakala wa Serikali wa huduma za ununuzi, wana makubaliano maalum na watoa huduma yanayogusa unachotaka. Muulize pia mtu wa TEHAMA kama ofisi yako imeunganishwa na mtandao wa Serikali unaosimamiwa na eGA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kama imeunganishwa, kwa nini umnunulie bando kubwa mtu anayeshinda mezani?

Kisha hesabu laini. Kaa na simu uzipige zote, moja baada ya nyingine. Sisi tulikuta tunalipia laini ya mtumishi aliyehamia Tabora zamani, na wananchi bado walikuwa wanampigia yeye kuulizia mambo ya kituo alichokiacha. Laini ya kazi isajiliwe kwa jina la taasisi, na mtumishi akihama aikabidhi kama anavyokabidhi funguo. Namba ambayo wananchi wameizoea ni mali ya taasisi. Ukibadilisha mtoa huduma huna haja ya kuibadilisha: tangu mwaka 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao na namba yako.

Kwenye mkataba, sehemu niliyoipigania zaidi ni ya kukatwa huduma. Wote tunajua fedha za Serikali zinaweza kuchelewa, hasa Julai mwaka mpya wa fedha unapoanza. Andika kwamba mtoa huduma atatoa taarifa ya maandishi kabla ya kukata, na utaje siku ngapi. Weka ukomo wa matumizi kwa kila laini, ili mtu mmoja asimalize bando la kituo kwa video. Na weka haki ya kuhamisha laini kutoka fungu moja kwenda jingine pale huduma inaposhindwa, bila kusubiri mkataba uishe.

Ankara ya kwanza ikifika, usiipitishe ukiwa mezani kwako. Mtumie kila mkuu wa kituo mstari wake, umuulize maswali mawili: laini hii unaitumia? Umeishikia wapi ulipoitumia mara ya mwisho? Akikujibu "dirishani", panga safari.