Maswali ya Wasomaji: Tulisoma Pamoja, Tumestaafu, Sasa Mfuko Unatugombanisha

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tulimaliza mafunzo ya ualimu Daraja la III A mwaka 1984, darasa la watu 43, na tuliobaki hai leo ni 29, tumetawanyika katika mikoa tisa. Miaka minne iliyopita mwenzetu mmoja alitukusanya katika kundi la WhatsApp, tukafurahi mno, kwa maana wengine hatukuwa tumeonana tangu siku ya kurudisha magodoro stoo. Tulianza kwa kuchangiana misiba. Baadaye viongozi wakapendekeza tukijengee chuo chetu ukumbi kama shukrani, na kila mmoja atoe shilingi 500,000 kutoka katika kiinua mgongo chake. Waliotoa ni tisa. Wengine wamenyamaza, na watatu wamejiondoa. Mwezi uliopita mwenzetu alifiwa na mumewe, lakini mweka hazina akasema fedha zilizopo ni za ukumbi na haziguswi, hivyo mfiwa alipata kile tu ambacho wachache wetu walitoa mifukoni. Je, tuendelee na ukumbi au turudi kwenye misiba? Na hawa wasiotoa tuwafanyeje, ilhali tunajua kwamba nao walilipwa mafao kama sisi?
Mwalimu mstaafu, Singida

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililobeba ugomvi wenyewe, na maneno mawili ndani yake, yaani "kama sisi", si sahihi.

Watu waliomaliza chuo mwaka 1984 wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 23 walifikisha miaka 60, ambayo ni umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, kati ya mwaka 2021 na 2024. Kipindi hicho ndicho kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kilipobadilika. Aliyestaafu kabla ya Julai 2022, akiwa ametoka katika mifuko ya zamani ya pensheni ya PSPF au LAPF, iliyounganishwa kuwa mfuko wa watumishi wa umma wa PSSSF mwaka 2018, alilipwa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa nusu ya mafao yake, na nusu iliyobaki ikawa msingi wa pensheni ya kila mwezi. Aliyestaafu baada ya hapo alikuta kikokotoo kipya cha asilimia 33 kwa mkupuo, huku asilimia 67 ikielekezwa kwenye pensheni ya mwezi. Kisha katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikatangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wameshushwa kutoka nusu. Kwa hiyo watu wawili waliolala kitanda cha juu na cha chini katika bweni moja, wakaajiriwa mwezi mmoja na kupanda madaraja sawasawa, wanaweza kuwa wamepokea mkupuo unaotofautiana kwa mamilioni kwa sababu tu mmoja alizaliwa mwaka mmoja nyuma ya mwenzake. Na huyu aliyepata mkupuo mkubwa huenda ndiye mwenye pensheni ndogo zaidi ya mwezi, na mkupuo wake alikwisha kuupaua kuwa nyumba zamani.

Hapo sijagusa mikopo iliyokatwa, wajukuu waliorudishwa nyumbani kwa babu, dawa za presha, wala yule aliyetapeliwa. Wastaafu wanafuatwa na matapeli tangu siku jina lao linapoingia kwenye orodha ya malipo, na mzee aliyetapeliwa, hasa akiwa mwalimu ambaye mtaa mzima humwona mtu mwerevu, kwa kawaida hamwambii mtu. Hunyamaza. Sasa ninyi mnauita unyamavu huo ubahili.

Ushauri wangu basi ni kwamba kiinua mgongo kisiwe kipimo cha jambo lolote katika kundi lenu. Kiasi cha kuchangia kitoke katika kile ambacho mtu hupokea kila mwezi, na kipangwe kwa njia ifuatayo, ambayo nimeiona ikitumika katika kikundi cha akina mama wa kwaya na ikaondoa manung'uniko kabisa. Kila mwanachama amtumie mtu mmoja mnayemwamini, bila kupitia kundini, kiasi anachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa na bila kumwomba mtoto wake. Mtu huyo asitaje majina. Atangaze tu kiasi kilicho chini kuliko vyote, na hicho ndicho kiwe ada ya wote. Kikiwa shilingi 3,000, iwe 3,000. Watu 29 wakitoa shilingi 3,000 kila mwezi, kwa mwaka mtakuwa na shilingi 1,044,000, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kujiondoa usiku wa manane. Mwenye uwezo zaidi aongeze kwa hiari yake, ila nyongeza hiyo isitangazwe kundini, kwa kuwa orodha za "waliotoa" zenye majina na tarakimu ndizo zilizowafukuza wale watatu.

Sasa kuhusu ukumbi na misiba. Mweka hazina wenu hakukosea kukataa kugusa fedha zilizochangwa kwa kazi nyingine. Kosa lilikuwa la wote, nalo ni kuacha kuchangia misiba pale ukumbi ulipoingia. Msiba hausubiri kikao. Fungueni mifuko miwili iliyotenganishwa kabisa, kila mmoja na hesabu yake: wa kwanza wa kufaana, ambao unaingiza ada ya kila mwezi na kutoa kiasi kilichoandikwa katika katiba yenu kwa msiba wa mwanachama, mwenzi wake au mtoto wake, bila kujadili upya kila mara; wa pili wa kutoa kwa wengine, ambao hauna ada, hauna deni, na hauna aibu. Kama mfuko wa pili una shilingi elfu sabini kwa mwaka mzima, mtoe elfu sabini.

Ndipo tunapofika kwenye ukumbi wenyewe, na hapa nitasema bila kuzunguka: uacheni. Nchi yetu ina maboma mengi yaliyoanzishwa kwa moyo mweupe na kusimama kwenye lenta. Ukumbi wa chuo hauwezi kujengwa kwa milioni nne na nusu mlizokusanya, na wastaafu wenye wastani wa miaka 63 hawapaswi kuanzisha jengo ambalo nusu yao hawatalipaua. Tena chuo cha ualimu cha Serikali kiko chini ya Wizara ya Elimu, na jengo lolote ndani ya eneo lake linahitaji ramani, kibali na msimamizi. Rudisheni fedha kwa wale tisa, au waulizeni mmoja mmoja kama wanaridhia zihamie mfuko wa pili. Kisha mwandikieni mkuu wa chuo barua kumuuliza anahitaji nini. Pengine atajibu kwamba ni mashine ya kurudufu, au tanki la maji, au matengenezo ya vitanda. Chochote mtakachotoa kikabidhiwe kwa maandishi na kiingizwe kwenye leja ya stoo, na kama ni fedha, ziende kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu, hata awe mkuu mwenyewe na hata awe mwanafunzi wako wa zamani.

Hata hivyo, nadhani mna kitu ambacho chuo hakiwezi kukinunua, nacho hamjakitaja. Unakumbuka BTP yako, yale mazoezi ya kufundisha ya wanachuo, Mwalimu? Kupelekwa shule usiyoijua, wiki kadhaa, ukiwa na begi moja na zana za kufundishia za maboksi, ukitafuta mtu wa kukupa chumba na ugali. Wanachuo wa leo bado wanapitia hayo hayo, na wengi wanapanga vyumba kwa fedha za wazazi ambao hawana. Ninyi mko 29 katika mikoa tisa, na kila mmoja anaishi hatua chache kutoka shule fulani. Mwambieni mkuu wa chuo kwamba kila mwaka, wakati wa mazoezi, wanachama wenu walio tayari watapokea mwanachuo mmoja mmoja nyumbani kwao, kwa chumba na chakula, na jioni watakaa naye mezani kupitia andalio la somo la kesho. Alama atatoa mkufunzi wake. Wewe utamweleza tu kwa nini watoto wa darasa la kwanza huanza kuvuruga dakika ya kumi na tano. Jambo hili lipite kwa chuo na kwa mwalimu mkuu wa shule, majina yaandikwe na wazazi wa mwanachuo wajulishwe, maana kumlaza kijana au binti wa watu nyumbani ni dhamana.

Asiye na chumba ana njia nyingine. Shule zina utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu walioko kazini hukutana shuleni kwao kujadili mada zinazowatatiza, na mwalimu mstaafu aliyefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa miaka thelathini katika madarasa ya watoto tisini anaweza kuombwa kuja. Lakini aende kama msikilizaji kwanza. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 si ule mlioufundisha, na hakuna kinachowachosha walimu vijana kama mstaafu anayeanza kila sentensi kwa "zamani sisi". Baba yangu, mwalimu pia, ana ugonjwa huo, Mungu amjalie umri.

Kuhusu uandikishaji, kwa kifupi: kwa kuwa mmetawanyika, kikundi cha kusajiliwa halmashauri moja hakitawafaa, na mahali penu ni kwa Msajili wa Vyama aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Andikeni katiba fupi, akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na taarifa ya benki itumwe kundini kila robo mwaka. Msianze kukopeshana, kwa sababu mkikopeshana mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, yenye masharti yake, na mtapata ugomvi mpya kabla ya kumaliza huu wa zamani.

Wale watatu waliojiondoa wapigiwe simu, wala wasitumiwe ujumbe. Wapigie wewe, na usitaje fedha.

SWALI: Mume wangu alikuwa mwalimu na alifariki mwaka jana. Wenzake aliosoma nao chuo walimzika vizuri sana, lakini baada ya arobaini namba yake ikaondolewa kundini na sijasikia tena kutoka kwao. Ameacha kabati mbili za vitabu na madaftari ya maandalio ya masomo. Natamani viende chuoni kwao kwa jina lake. Nianzie wapi, na je, si vibaya kuwafuata?
Mama Rehema, Tanga

JIBU: Pole sana, Mama. Si vibaya hata kidogo. Mara nyingi anayesimamia kundi huondoa namba ya marehemu kwa sababu hajui afanye nini na simu hiyo iko mikononi mwa nani, na hafikirii kwamba upande wa pili kuna mjane anayeiangalia. Mpigie yule aliyesoma salamu za wanachuo siku ya maziko, mwambie kwamba unahitaji watu wawili wa kuja kukusaidia kuchambua vitabu. Watakuja, na kazi hiyo wanaiweza kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika kuchambua, vitabu vya kiada vya mitaala iliyopita havitatumika darasani tena, kwa hiyo visibebwe kwa gharama kupelekwa mbali. Kamusi, vitabu vya sarufi, fasihi, saikolojia ya elimu na historia bado vina maisha maktabani. Andikeni orodha ya vichwa, muitume kwa mkutubi wa chuo, achague anavyovihitaji kabla hamjalipa nauli ya basi. Jina la marehemu linaweza kuandikwa kwa mkono katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, pamoja na mwaka aliomaliza chuo.

Madaftari ya maandalio, Mama, usiyatoe bado. Mtoto wako mmoja, au mjukuu, huenda akataka kuona mwandiko.