Wakikuweka ndani saa 48, anza kuhesabu

Jumapili iliyopita alasiri uliingia ujumbe kwenye simu yangu: "Dada, ametoka." Aliyeuandika ni msomaji wangu ambaye tangu Ijumaa jioni tulikuwa tunawasiliana, mumewe akiwa mahabusu, hapa hapa Tanzania, kwa amri ya mkuu wa wilaya baada ya mkutano wa hadhara. Nilikaa chini nikalia. Nilifurahi kwa ajili yao, ila pia nililia yangu, maana mimi Jumapili yangu sikutoka.

Sijawahi kuisimulia hapa kwa ukamilifu. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na najua wengi mnaonisoma mnaitaka nafasi hiyo au mnayo tayari. Nilisimama mkutanoni nikaomba kuona risiti za pampu ya kisima. Watu wakapiga makofi. Swali la pili sikulimaliza. Mkuu wa wilaya akaamuru: "Mchukueni huyu, akalale ndani saa 48." Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

Kituoni askari alifungua daftari la mahabusu, akaandika jina langu, kanga moja, pete moja, shilingi 4,500. Alipofika kwenye safu ya kosa, kalamu ikasimama. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama ukutani. Kisha akaandika neno moja: Maagizo. Nililiona kwa macho yangu, na nikanyamaza. Dada yangu aliniletea chai kwenye chupa, akaamriwa ainywe yeye kwanza, na hata hapo hakuna aliyetuambia nitatoka lini wala nitapelekwa kwa nani.

Nilitoka Jumatatu saa nne asubuhi. Hizo ni saa 67. Hesabu hiyo niliifanya miezi kadhaa baadaye, nikiwa kwenye mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, mkufunzi alipotusomea Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayowapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Kumbe amri ile si adhabu. Imewekwa kwa ajili ya mtu anayeaminika kuwa karibu kuvunja amani, na pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kumzuia isipokuwa kumshikilia. Anayeitoa anatakiwa aandike sababu zake, zimfikie hakimu. Ndani ya saa 48 ufikishwe kwa hakimu huyo, la sivyo uachiwe. Ukishaachiwa, hukamatwi tena kwa amri ya namna hiyo kwa sababu zilezile. Na kiongozi anayeutumia uwezo huo vibaya, sheria hiyohiyo inamhesabu kuwa ametenda kosa la matumizi mabaya ya madaraka. Risiti za pampu zinavunja amani ya nani?

Nilimpelekea hasira zangu baba mdogo, ambaye mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alichukuliwa nyumbani usiku. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, wewe ulikuwa na saa za kuhesabu. Sisi hatukuwa nazo."

Yeye ndiye aliyenifanya nisome Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyopitishwa hata mwaka haujatimia tangu Uhuru. Rais akiridhika kwamba mtu ni hatari kwa amani au usalama wa nchi, anasaini, na mahakama ilikatazwa kuihoji amri hiyo. Palikuwepo kamati ya ushauri ya kupitia shauri la aliyezuiliwa, lakini ushauri wake haukumbana Rais. Nasema bila kuuma maneno: kamati isiyoweza kumfungulia mtu mlango haijampa kinga, imempa barua ya kusubiria. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mwaka 1985 sheria ile ikarekebishwa: aliyezuiliwa aambiwe sababu ndani ya siku 15 au aachiwe, na aweze kuzipinga kila baada ya siku 90. Mwaka 1992 Tume ya Nyalali, ile ya mfumo wa vyama iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliitaja miongoni mwa sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Watu walikaa ndani miaka ili siku hizo 15 ziandikwe, halafu sisi tunashindwa hata kutazama saa ukutani!

Kwa hiyo yule dada nilimwambia nilichotamani kuambiwa mimi. Chukua karatasi. Andika saa aliyokamatwa. Andika jina la askari wa zamu. Kisha uliza, kwa heshima na bila kupaza sauti: "Afande, sababu za maandishi zimepelekwa kwa hakimu yupi?" Zamu ikibadilika, rudi, uliza tena, andika tena saa. Tafuta msaidizi wa kisheria wa karibu, na saa zikipita, wakili aende Mahakama Kuu kuomba ndugu yako aletwe mbele ya jaji. Lakini kwanza andika saa. Ndugu yangu, unayetaka uongozi, unayetaka kuwasemea wenzako, usiende mkutanoni bila kulijua hili, wala usimwache mkeo au mumeo nyumbani bila kulijua. Andika saa!

Jumatatu ile, baada ya kurudishiwa pete na kanga, niliambiwa nipite ofisini kushukuru kwa kusamehewa. Nikapita. Nikasema, "Ahsante mheshimiwa," na mpaka leo neno hilo limenikaa kooni.

Mume wa yule dada alikamatwa Ijumaa saa kumi kamili. Jumapili aliitwa kaunta, akapewa daftari asaini kwamba amepokea vitu vyake. Akasaini, akaomba kalamu tena, akaandika pembeni ya jina lake: 9:20 alasiri. Zilikuwa zimebaki dakika 40. Hakuna aliyemwambia apite popote kushukuru, na mkewe alikuwa mlangoni na ile karatasi mkononi.